Mwache Amani Ajibu Mwenyewe

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumatatu, mwanangu Neema, nilipompiga kofi mdogo wangu mbele ya watu, naye hakuwa na kosa lolote. Naanza na kofi hilo makusudi, nisije nikazungukazunguka nikaishia kulikwepa. Sisi wazee tuna tabia hiyo. Tukisimulia ujana wetu tunachagua zile siku tulizovaa nguo safi.

Juzi ulinipigia simu kutoka Manyoni ukaniambia Amani amemaliza chuo cha ufundi, na fundi seremala mmoja mwenye karakana amekubali kumwona wiki ijayo. Nikafurahi. Kisha ukasema, "Mama mkubwa, nitakwenda naye, nitaingia naye, na wakimuuliza nitajibu mimi. Wewe si unamjua mjukuu wako, ataganda." Niliitikia tu, maana simu si mahali pa kusemea jambo refu. Nimekaa nalo siku mbili, sasa nimechukua kalamu.

Mjomba wako Yohana unamjua. Unamjua akiwa mtu mzima, mfanyakazi wa kiwanda cha alizeti hapa Singida mjini, mwenye nyumba yake ya vyumba viwili na kuku wake, asiyependa kushikwa mkono na asiyekula ugali uliogusana na mboga. Umemkuta hivyo, ukamzoea hivyo. Hukumjua akiwa na miaka ishirini, na hakuna aliyekwambia kwamba nusura nimharibie maisha kwa jinsi nilivyompenda.

Siku zile neno usonji hatukulijua. Wewe kwa Amani uliambiwa hospitalini, ukaelezwa, ukapewa na karatasi ya kwenda nayo shuleni. Sisi kule Mtinko tulikuwa na majina mengine, na karibu yote yalikuwa ya kuumiza. Mmoja anasema mtoto karogwa, mwingine anasema kadekezwa. Kwamba anaongea kidogo, watu wangeweza kuvumilia. Kilichowaudhi ni kwamba hakuamkia. Kwetu unajua mtoto akimpita mzee kimya, bila shikamoo, mama yake ndiye anayesemwa. Mama yetu alikuwa akienda kisimani wanawake wanamrushia maneno kwa pembeni, eti asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Alikuwa anawasikia vizuri sana. Anajitwisha ndoo yake, anaondoka.

Mimi dada mkubwa nikajiapiza kwamba huyu nitamfunza. Samaki mkunje angali mbichi, si ndivyo wasemavyo? Nikawa namsimamisha mlangoni namwambia, "Sema shikamoo." Naye anasema, "Sema shikamoo." Nafinya sikio lake, namwambia tena. Anarudia vilevile, neno kwa neno, kwa sauti yangu mimi. Nilidhani ananidhihaki. Leo nacheka nikikumbuka, na nikimaliza kucheka naona aibu.

Basi nikapata kazi kiwandani mjini, ya kupokea magunia ya alizeti getini na kuyapima. Nilipoona Yohana anakaa nyumbani mwaka unaingia na mwingine unatoka, nikamwombea nafasi. Mwenye kiwanda alikuwa Bwana Karim, mtu wa maneno makali lakini si mbaya. Ilikuwa msimu, wakulima wanaleta alizeti usiku na mchana, mikono haitoshi. Akamchukua, naye akaja kukaa nami mjini.

Kazi ya Yohana ilikuwa kuosha madumu, kuyajaza mafuta na kuyafunga vifuniko. Mwanangu, kazi ile aliipenda kama vijana wengine wanavyopenda mpira. Aliyapanga madumu mikono yote ikitazama upande mmoja, na hukukuta hata moja linavuja. Ngurumo ya mashine ya kukamulia ndiyo iliyomtesa, kwa hiyo alijifunga sweta kichwani, mikono ya sweta imezunguka masikio kama kilemba. Wenzake walimcheka siku mbili tatu, kisha wakazoea.

Alikuwa anafanyia kazi nyuma ya ukuta, mahali kelele ilipopungua, pamoja na Bi Zuhura aliyekuwa akichuja mafuta. Huyu Bi Zuhura alikuwa mama mtu mzima, mjane, mwenyeji wa huku huku. Alikuwa anamsimulia Yohana habari za mbuzi wake na za majirani zake asubuhi mpaka jioni, wala hakumdai jibu. Yohana akitaka kusema neno analisema, asipotaka wanaendelea na kazi.

Mimi sikuwa hivyo. Mimi nilikuwa mdomo wake. Mtu akiuliza, "Yohana, umekula?" najibu, "Amekula." Akiuliza, "Yohana, unaumwa?" najibu, "Haumwi, ndivyo alivyo." Siku moja msimamizi alimuuliza kama angependa kujifunza kuchuja mafuta. Kabla hajamaliza swali nikadakia, "Hapana, hiyo hawezi." Yohana alikuwa amesimama palepale na dumu lake mkononi. Sikumtazama hata usoni. Nilijiona ninamlinda.

Sasa ile Jumatatu. Bwana Karim alikuwa anangoja wageni kutoka Dodoma, wanunuzi wakubwa, na sisi tulijua kwamba wakikubali kununua, kiwanda hakitafungwa msimu ukiisha. Akaagiza wafanyakazi wote tujipange getini tuwapokee. Habari hiyo mimi niliijua tangu Jumamosi. Yohana sikumwambia. Niliona ya nini kumwambia, nitamshika mkono tu wakati ukifika.

Wakati ulipofika nikaenda nyuma ya ukuta nikamkuta katikati ya kazi, mikono ina povu la sabuni. Nikamvuta. Akasema, "Matatu bado." Alikuwa na maana ya madumu. Nikasema, "Achana nayo, twende." Njiani nikamvua sweta kichwani, maana niliona litatutia aibu mbele ya wageni. Nikamsimamisha kwenye mstari, pembeni yangu, kando ya meza walipoweka mafuta ya mfano katika bilauri.

Wageni wakashuka, mbele yao mzee mmoja mwenye suruali nyeupe pe. Akapita akitupa mikono mmoja mmoja. Alipofika kwa Yohana akanyoosha mkono. Yohana kimya, macho yako juu ya ukuta. Nikamfinya. "Sema shikamoo!" Na yeye, kwa sauti kubwa, akasema, "Sema shikamoo!" Watu wakaguna. Palepale dereva wa lori lililokuwa likisubiri nje akapiga honi, honi ndefu. Yohana akaziba masikio kwa viganja, akajizungusha, akagonga meza. Bilauri zote chini, na mafuta yakamrukia yule mzee kuanzia magoti kushuka.

Ndipo nilipompiga. Lile kofi nililisikia mimi mwenyewe kama limepigwa na mtu mwingine.

Hakulia. Alisimama kidogo, akasema tena, "Matatu bado," kisha akapita katikati ya watu akatoka getini. Na mimi unafikiri nilifanya nini? Nilichukua kanga yangu nikapiga magoti kumfuta mgeni suruali. Mdogo wangu anaondoka, na mimi ninafuta suruali. Nilifikiri ataenda nyuma, atatulia, nitamkuta.

Wageni walipoondoka sikumkuta. Nikazunguka kiwanda chote, nikarudi kwa Bi Zuhura huku nahema. Alikuwa anakamua kitambaa cha kuchujia. Hakuinua kichwa.

"Bi Zuhura, umemwona Yohana?"

"Nimemwona ukimpiga," akasema. "Baada ya hapo sijamwona."

"Ameniaibisha mbele ya watu."

Akaweka kitambaa chini, akafuta mikono polepole. "Anna, binti yangu, nikuulize. Ule ugeni wewe uliujua lini?"

"Jumamosi."

"Na yeye?"

Nikaikunja kanga yangu iliyolowa mafuta.

"Sweta alimvua nani? Kwenye kazi yake alimtoa nani? Wewe ulikuwa na siku mbili za kujiandaa, yeye hukumpa hata dakika mbili. Halafu kofi ukampa yeye." Akanitazama sasa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Unampenda mdogo wako, naona. Lakini unampenda kama mzigo uliojitwisha mwenyewe, hutaki auguse mtu mwingine, hata yeye. Nenda ukamtafute."

Nilimtafuta sokoni, nikamtafuta stendi. Mwenye baiskeli mmoja akaniambia amempita kijana anatembea peke yake barabara ya Mtinko, mikono masikioni, hageuki hata akisemeshwa. Kwa miguu, mwanangu, juani, mwendo wa nusu siku na zaidi. Nikapata lori lililokuwa linafuata vitunguu, nikapanda nyuma. Njia nzima naangalia kando ya barabara, nainuka kila nikiona nguo imetupwa.

Nilimkuta nyumbani. Alikuwa amefika kabla yangu kidogo tu, jua bado halijazama. Mama amemkalisha kwenye kigoda, miguu yake ndani ya beseni la maji ya chumvi, malengelenge yamepasuka. Nikasema, "Yohana." Akajigeuza kwenye kigoda, akanipa mgongo. Mama hakuniuliza kitu. Alinipa ndoo akaniambia maji yamekwisha.

Nilikaa siku tatu. Sikwenda kazini, na sikujua kama nina kazi. Siku ya tatu tulikuwa tunachambua vitunguu, vikubwa huku, vidogo kule, mimi na yeye tu. Nilikuwa nimesema nisamehe mara nyingi mpaka neno limechakaa. Basi siku hiyo nikanyamaza, nikachambua tu kama nilivyomwona Bi Zuhura akikaa naye. Baada ya muda mrefu akasema, bila kuniangalia:

"Kazi naijua. Wageni sikuambiwa."

Nikasema, "Kweli. Sikukwambia. Kosa langu."

"Honi sikuambiwa."

"Honi hata mimi sikuijua."

Akafikiri. Akaweka kitunguu kwenye fungu lake. "Kesho kazi?"

Nikamwambia sijui kama Bwana Karim atakubali, lakini nitakwenda kumwombea. Hapo aliacha kuchambua kabisa. Akasema, "Dada asijibu."

Maneno mawili, Neema. Nimepewa nasaha nyingi maishani, kanisani na barazani, lakini hakuna iliyoniingia kama hayo mawili. Miaka yote ile nilikuwa najibu, na yeye alikuwa anasikia kila jibu.

Tulirudi mjini. Bi Zuhura akatusindikiza ofisini. Bwana Karim hakutukaribisha kukaa. "Hapa kiwanda," akasema. "Mimi siwezi kuweka mtu anamwagia wageni mafuta. Wamekubali kununua kwa bahati tu, yule mzee alicheka, angekuwa mwingine je?"

Bi Zuhura akasema, "Tangu kijana huyu aje, umerudishiwa dumu gani linalovuja?"

Bwana Karim akaokota kalamu mezani. Kisha akamgeukia Yohana. "Haya, wewe. Unataka kazi?"

Yohana hakujibu. Alikuwa anatazama dirisha. Mwanangu, kimya kile kilikuwa kirefu mno. Saa ya ukutani inagonga, nje watu wanashusha magunia, Bwana Karim anapigapiga kalamu mezani. Nikahisi mdomo wangu unafunguka wenyewe. Bi Zuhura akanikanyaga mguu, si kwa utani, kwa kisigino. Nikaufunga. Nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika kiwanda kile, na gunia la alizeti nimeshalibeba.

Mwishowe Yohana akasema, "Nataka. Madumu nataka. Kuchuja nataka. Honi sitaki."

Bwana Karim akamtazama, akacheka kidogo puani. "Honi hata mimi siitaki," akasema. "Kuchuja nani kakwambia?"

"Msimamizi. Dada alisema hapana."

Ofisi nzima ikanigeukia. Nilitamani sakafu inimeze. Bwana Karim akasema atampa wiki moja amwone.

Ile wiki moja haijaisha mpaka leo, ingawa Bwana Karim ameshatangulia mbele ya haki na kiwanda kimebadilisha mmiliki. Lakini usidhani mambo yalinyooka siku ileile. Yohana alifundishwa kuchuja na Bi Zuhura kidogo kidogo, jambo moja mpaka alishike, ndipo lingine. Kila jioni Bi Zuhura alimwambia ya kesho: nani anakuja, nini kinabadilika, mashine itazimwa saa ngapi. Nilipendekeza awe anainua kiganja badala ya kuamkia kwa mdomo, akakubali, na wazee wa pale wakaelezwa. Wengine waliridhika, wengine waliendelea kununa mpaka walipostaafu. Sweta lilibaki kichwani. Na yalitokea mabaya. Mwaka uliofuata mashine iliharibika ghafla, kiwanda kikafungwa, hakuna aliyekumbuka kumwambia. Alisimama getini tangu asubuhi hadi jua la utosini, hataki kuondoka, analia na kujipiga paja. Siku hiyo nilikaa chini kando yake, sikumvuta. Baadaye akanyanyuka mwenyewe tukaenda nyumbani.

Leo vijana wanaoanza kuchuja wanapelekwa kwake awaonyeshe. Hawaelezi kwa maneno mengi. Anafanya, wao wanatazama, akiona wamekosea anafanya tena. Hajaoa, hilo hakulitaka, na tulipolazimisha mazungumzo hayo alihama chumba, kisha akajenga kwake. Mama yetu alifariki akiwa amekula kuku wa mwanawe huyo. Nafikiri alikufa na moyo mweupe.

Sasa nakuja kwako, mwanangu. Mpeleke Amani karakana, usimwache aende kama mtoto yatima. Lakini kabla ya siku hiyo, nenda naye mara moja mbili apaone pakiwa patupu, na siku nyingine asikie jinsi randa na msumeno wa umeme vinavyolia, ajue choo kiko wapi na chakula huliwa wapi. Mwambie nani atamuuliza, na atamuuliza nini hasa. Kikibadilika kitu, mwambie kimebadilika. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa watoto wetu hawa kamba hiyo huchukua muda zaidi kufunguka. Hakuna ubaya.

Zungumza na yule fundi mapema, wewe na Amani pamoja, na umuulize Amani kwanza kama anataka fundi ajue. Mwambie fundi mambo yaliyo wazi: mpe kazi kwa maneno manyoofu, usimtanie ukategemea ajue ni utani, mweleze moja baada ya jingine, mruhusu azibe masikio. Fundi mwenye akili atakuona umemsaidia. Akikataa, mwanangu, hiyo karakana si ya Amani, na Manyoni haina seremala mmoja tu.

Na wakimuuliza swali, ngoja. Kimya chake si utupu, anatafuta neno. Hesabu vigae, soma kalenda ukutani, fanya lolote ila usijibu. Kama atashindwa kabisa, mwangalie yeye umuulize, "Niseme?" Akikubali, sema. Akikataa, nyamaza hata kama nafasi itapotea, kwa sababu nafasi nyingine huja, lakini mtu aliyesemewa maisha yake yote husahau kwamba ana la kusema.

Usimfananishe na Yohana. Usonji si vazi moja linalowatosha wote. Yuko mtoto ambaye hatasema maneno mawili maisha yake yote, atahitaji mtu wa kukaa naye siku zote, na huyo naye ana anachokipenda na anachokikataa, atakuonyesha kwa njia yake ukimtazama vizuri. Amani wako ameshika ufundi, ana mikono, ana cheti. Kilichobaki ni sisi kumpisha. Wala usijibebeshe peke yako. Mkono mmoja haulei mwana, na hata mwana akiwa na ndevu bado anahitaji mikono. Mtafutie Bi Zuhura wake palepale kazini, kwa maana yupo, kila mahali pa kazi yupo mmoja. Wewe hutakuwepo siku zote. Mimi pia sitakuwepo.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea, rudi ukaombe radhi kwake kama unavyomwomba mtu mzima. Ni mtu mzima.

Mungu aibariki mikono ya Amani na mbao zitakazopita mkononi mwake. Ampe mabwana wa kazi wenye subira na wenzake wasiocheka vibaya. Akupe wewe ulimi mzito pale unapotakiwa kunyamaza, na moyo mwepesi wa kulala usingizi. Kaeni kwa heri nyumbani kwenu, mwanangu, na siku Amani atakapoingia kwa yule fundi, mimi na mjomba wako tutakuwa tumesimama hapa Singida tunawaombea, tumefunga midomo yetu yote miwili.